Maji ya Goti la Bi. Zainabu

Ninyi mliobaki chumba cha picha mmenitaka niandike mambo ya kazi yangu kabla sijayasahau. Kama mlitegemea habari za vyeo, poleni. Cheo changu cha mwisho kilikuja na kiti cha kuzunguka, kile kiti kikavunjika mguu mwezi wa pili, na habari za vyeo zikaishia hapo. Nitaandika juu ya magoti. Nimepiga picha za vifua, vichwa, mimba, mikono ya watoto watundu, na mara moja mbwa wa mganga mkuu aliyemeza kitu ambacho sitakitaja. Lakini mtu akiniamsha usingizini na kuniuliza nimeona nini duniani, nitamwambia nimeona maji yakirudi ndani ya goti la mwanamke wa Towelo.

Mimi ni mtoto wa Turiani. Baba yangu alikata miwa mpaka magoti yakamgomea, na jioni nilikuwa nikimkanda kwa maji ya moto na chumvi bila kujua ninakanda nini hasa. Alikuwa akisema, "Hapo hapo, ndani kabisa," na mimi nakandamiza ngozi tu, kwani huko ndani ningefikaje?

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa kwa Mzee Salehe, mpiga picha wa eksirei ambaye wakati huo alikuwa ameshakula chumvi nyingi na hakutaka kabisa mwanafunzi. Aliniingiza chumba cha giza, akafunga mlango, akawasha taa nyekundu, akaniambia nisiguse kitu mpaka macho yangu yazoee. Nikasimama nikinusa dawa za kusafishia filamu, harufu kali kama siki. Akaichovya filamu, akaitikisatikisa, akainyanyua. Mifupa ya mkono wa mtu ikaanza kujitokeza, kidole kimoja kimoja. Nilipiga ukelele. Mzee Salehe hakucheka.

"Binti, mimi nina miaka ishirini humu na bado nashtuka," alisema. "Siku usiposhtuka, omba uhamisho."

Kwa mambo ya karatasi alikuwa mkali kuliko mwalimu wa hesabu. Kila mgonjwa alikuja na karatasi yake, na Mzee hakuandika humo neno ambalo hakulithibitisha kwa macho yake. Karatasi ikiuliza kama mgonjwa amevua pete, alikwenda kuushika mkono na kuugeuza. Kuna akina mama waliodhani anawachumbia. Alinigombeza mara nyingi kwa kuandika kwa mazoea, nami nilinuna mara nyingi, kisha nikajifunza. Angalau nilijiona nimejifunza.

Sasa sikilizeni jambo hili, maana ninyi mmekuta mashine kubwa tayari na hamjui tulikotoka. Kwenye picha ya eksirei gegedu halionekani. Gegedu ni ule utando mgumu wenye utelezi unaofunika ncha za mifupa pale inapokutana. Kama umewahi kutafuna ncha ya mfupa wa kuku, unalijua. Eksirei inaona mfupa wa juu na mfupa wa chini, na katikati pana weusi mtupu. Tulikuwa tunapima ule weusi. Ukipungua, daktari anasema gegedu limelika. Kwa maneno mengine, zaidi ya miaka ishirini nilikuwa nikipiga picha ya pengo na kuwaambia watu habari za kitu ambacho sijawahi kukiona, na mpaka lile pengo lipungue, mara nyingi mambo yameshaharibika.

Kisha ikaja mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili kwa nguvu za sumaku. Ilivunjiwa ukuta ili ipite, na nusu ya wafanyakazi waliacha kazi zao kuja kuangalia, nikiwemo mimi. Tuliambiwa ile sumaku haizimwi, iwe mchana, usiku au sikukuu. Tuliamini nusunusu mpaka muuguzi mmoja alipoingia na mtandio wake, pini ikachomoka kidevuni, ikavuka chumba na kujibandika kwenye mashine kwa sauti ndogo ya "ti". Hakuumia, lakini hakuingia tena mle ndani mpaka alipostaafu. Kopo la pini lililopo mlangoni nililiweka wiki ile ile.

Miaka ilipita tukipiga picha za kawaida, hadi alipokuja Daktari Msuya, kijana wa mambo ya mifupa aliyerudi kutoka masomoni na hamu ya kupima kila kitu kinachopimika. Yeye ndiye aliyetuletea upimaji wa gegedu kwa namba. Alinieleza hivi, na mimi nawaeleza kama nilivyomwelewa. Mwili umejaa maji. Mashine inayashtua yale maji, kisha inasikiliza sauti yake inafifia kwa muda gani. Kwenye gegedu zima, nyuzi zake zimeyashika maji barabara, kwa hiyo sauti inafifia upesi. Gegedu likianza kuchakaa, nyuzi zinalegea, maji yanazurura humo ndani, na sauti inachelewa kuisha. Kila nukta ya gegedu inapewa namba ya ule muda, na namba inageuzwa rangi. Kwetu bluu ilikuwa uzima, nyekundu matatizo. Na haya yote yanaonekana kabla gegedu halijapungua hata kidogo.

Tulianza na goti la Daktari mwenyewe, kwa kuwa hatukuthubutu kuanza na la mgonjwa. Ramani ya zile rangi ilipotokea kwenye kioo cha kompyuta, nilisogea karibu. Ukanda mwembamba kuliko kidole changu kidogo, na ndani yake rangi zimepangwa tabaka kwa tabaka, za chini tofauti na za juu, kila nukta na habari yake. Pale palikuwa mahali pa weusi wangu wa miaka yote. Nilimkumbuka baba na ule msemo wake wa "ndani kabisa", machozi yakanitoka. Daktari aliponiangalia nikasingizia kiyoyozi.

Lakini upimaji huu una sharti. Gegedu likibebeshwa uzito linakamuliwa maji, na likipumzika linayanywa tena. Ukimpima mtu aliyetoka kutembea na mzigo, namba zinashuka, na goti linaonekana lina afya kuliko lilivyo. Kwa hiyo kila mgonjwa lazima akae nusu saa kwanza bila kulisumbua goti, na kwenye karatasi tuliweka kisanduku kimeandikwa "Amepumzika". Wa kutia alama pale nilikuwa mimi.

Bi. Zainabu alikuja mara ya kwanza wakati kazi hii ina miezi michache tu. Mwanamke wa miaka hamsini na tano hivi, mwembamba, ana lafudhi ya mlimani. Alikuwa ametoka Towelo, juu kule ubavuni mwa Uluguru, ameshuka alfajiri kwa miguu na ndizi kichwani, akaziacha sokoni kwa rafiki yake, akaja moja kwa moja hospitali.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Za huko juu?"

"Huko juu baridi tu na utelezi. Dada, hili goti mimi silielewi. Kupanda napanda vizuri. Kushuka ndiyo kunaniua."

Nikampeleka kwenye benchi la korido, nikamwambia akae nusu saa asitembee. Ilikuwa siku ya kliniki ya wazee, korido imefurika. Nikarudi ndani kwa mgonjwa mwingine. Nusu saa ilipokwisha nikachungulia mlangoni, nikaita jina, akaitika, nikatia alama kwenye kisanduku, tukaingia. Namba zake zilikuwa nzuri kwa umri wake. Daktari akampa mazoezi na kumwambia arudi baada ya mvua, tuone goti linaelekea wapi.

Aliporudi alikuwa na binti yake, Asha, fundi cherehani wa Kihonda, huku chini mjini, ambaye hakuwa amepanda Towelo tangu aolewe. Mama alikuwa amelala kwake na wamekuja kwa bajaji. Korido ilikuwa tupu, akakaa nusu saa yake akisinzia, nikampima. Ramani ilipotoka, upande wa ndani wa goti ulikuwa na doa jekundu ambalo mara ya kwanza halikuwepo, na namba zilikuwa zimepanda karibu kila mahali. Daktari Msuya aliziweka picha mbili sambamba, akawaonyesha.

"Mama, kwa mwendo huu goti halitafika mbali," alisema. "Mlima uache."

Asha alishusha pumzi. "Si nilikwambia, mama? Chumba chako kiko tayari tangu mwaka jana."

Hapo ndipo nilipoelewa kilicholetwa kupimwa siku ile. Mama na mtoto walikuwa wamebishana miaka mitatu. Asha alimtaka ashuke akae naye, apumzike. Mama alikuwa na shamba lake la ndizi na magimbi, alilopewa kupitia mama yake, na mama yake kupitia kwa bibi. Kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, na baada ya Zainabu lingekuwa la Asha. Lakini shamba lisilolimwa, ukoo humpa mwingine mwenye nguvu za kulilima. Kikao cha ukoo kilikuwa Jumamosi, mbele ya mjomba, na siku ile ilikuwa Alhamisi. Wawili wale walikuwa wamekubaliana kwamba mashine ndiyo iamue.

"Nilisema ikinikataa nashuka," Bi. Zainabu alisema, sauti yake ndogo. "Basi, imenikataa. Jumamosi nitakwenda kuwaambia wachukue."

Wakatoka kusubiri karatasi ya dawa. Baada ya muda nikapita koridoni na mafaili yangu, na nikaona jambo ambalo mmeliona mara elfu. Aliingia mzee na fimbo yake, benchi sasa limejaa, na kabla hajafika, Bi. Zainabu alikuwa ameshasimama na kumpisha. Akaegemea ukuta, mguu mmoja ameukunja kwa maumivu.

"Mama, kaa bwana! Na goti hilo?"

Akanishangaa. "Sasa dada, mzee asimame, mimi nikae? Nitakuwa mtu gani?" Kisha akacheka. "Leo afadhali. Ile mara ya kwanza nilikaa kidogo tu, akaja bibi mmoja, nikanyanyuka, na wazee wakaendelea kuja. Mpaka unaniita nilikuwa nimesimama."

Mafaili yalinishuka mikononi. Mwanamke ametoka Towelo kwa miguu, na ndizi kichwani, akasimama nusu saa nzima, nikampima goti limekamuliwa. Mara ya pili amelala mjini, amekuja kwa bajaji, nikampima goti limekunywa likashiba. Tulikuwa tumelinganisha kitambaa cha kudekia kilichokamuliwa na kilichoroweshwa, tukasema kimeharibika. Inawezekana lile goti halikuwa limebadilika hata kidogo. Na alama kwenye kisanduku ilikuwa ya kalamu yangu. Kile kitanda mnachokiona nyuma ya pazia, ambapo wagonjwa wa magoti hulala kabla ya kupimwa, kiliwekwa kwa ajili hiyo. Mle hafiki mzee yeyote wa kupishwa.

Nataka mjue kwamba nilifikiria kunyamaza. Nilikuwa nimebakiza miezi miwili kustaafu, na kadi za kuniaga zilikuwa zimeshaanza kuzungushwa kwa siri ambayo kila mtu aliijua. Goti linamuuma kweli, nilijiambia, na binti anampenda, na chumba kiko tayari, kwa hiyo nani ataumia? Nilikaa stoo nikijidanganya hivyo kwa muda. Kisha nikamfikiria Mzee Salehe akiugeuza mkono wa mtu kutafuta pete. Alikuwa ameshafariki, na kwa mara ya kwanza niliona afadhali, maana nisingeweza kumtazama usoni. Nikaona aibu, nikanyanyuka.

"Daktari," nilimwambia, "alama ya kupumzika kwenye picha ya kwanza si ya kweli. Niliiandika bila kuona. Alisimama muda wote."

"Alitokea wapi?"

"Towelo. Kwa miguu."

"Na mzigo?"

"Ndizi."

Daktari Msuya alijishika kichwa. Alikasirika, na alikuwa na haki. "Mama Neema, wewe! Wewe ndiye unayewafundisha wenzako!" Nilimwacha amalize. Alipomaliza akaziangalia zile picha mbili tena, akasema, "Na mimi sikuuliza. Niliona rangi nikakimbilia kusema." Akaenda mwenyewe koridoni kumwomba Bi. Zainabu alale tena kwa Asha na warudi kesho yake asubuhi.

Ijumaa tukaanza mapema. Kwanza nilimlaza Bi. Zainabu kwenye kitanda cha magurudumu saa nzima, miguu imenyooka, nami nimekaa pembeni yake nikimwangalia. Aliniuliza kama namlinda asitoroke. Nikampima. Kisha tukampa mzigo, nusu ya ule aliozoea, akapanda nao barabara ya mlimani mpaka lami inapoishia, akashuka, Asha akiwa nyuma yake na mwavuli. Alipoingia tu getini nikampokea mzigo na kumlaza, nikampima tena. Halafu saa nyingine ya kulala, na kipimo cha tatu.

Ya kwanza ilifanana na ya Alhamisi, doa jekundu lipo pale pale. Ya pili, baada ya mzigo, doa lilikuwa limefifia karibu kuisha, namba zimeteremka kuelekea zile za siku ya ndizi. Nilijua itakuwa hivyo, lakini nilizisoma namba mara mbili. Nikasubiri ya tatu. Na ilipojichora, wekundu ulikuwa umerudi mahali pake, polepole, kama vile hakuna aliyetoka nje. Miaka thelathini na nane nimefanya kazi hii. Nilisimama mbele ya kioo kile nikiwa nimeshika mdomo. Kitu kisicho na mshipa wa damu hata mmoja, kimefichwa kati ya mifupa miwili, kinakamuliwa na kunywa, kinakamuliwa na kunywa, na mwenye goti hana habari. Mungu ni fundi, jamani. Sina namna nyingine ya kulisema.

Tukawaita ndani. Daktari aliongea waziwazi, bila kujificha.

"Mama, jana nilikwambia goti linaharibika upesi. Sikuwa na haki ya kusema hivyo. Lina sehemu iliyochakaa, hilo ni kweli. Lakini kama limezidi kuchakaa tangu ulipokuja mwanzo, hatujui. Mzigo upunguze, shuka na fimbo, mazoezi usiache. Baada ya miezi sita urudi, na usiku wake ulale hapa mjini."

Nikamwambia na mimi la kwangu. "Kosa lilikuwa langu, mama. Niliandika umepumzika, na sikukuona ukipumzika. Nisamehe."

"Uliniambia nikae, sikukaa," alisema. "Tumekoseana, dada. Yaishe."

Asha alikuwa bado hajatulia. "Kwa hiyo mashine imesemaje? Apande au asipande?"

"Mashine haijui mlima, mwanangu," nilimjibu. "Imesema tu kwamba haijamkataa."

Bi. Zainabu alikuwa hasikilizi tena. Alikuwa amesogea kwenye kioo, macho karibu yaguse. "Haya yanayoondoka na kurudi ni nini?"

"Ni maji. Ukibeba mzigo yanatoka. Ukilala yanarudi."

"Nani anayarudisha?"

"Hakuna. Yanarudi yenyewe."

Aliliwekea goti lake kiganja, kama mtu anayemtuliza mtoto. "Subhana Allah. Miaka arobaini nashuka na ndizi. Kila usiku nikilala, lenyewe linafanya kazi hii? Na mimi kila asubuhi nalitukana."

Tulicheka, mimi na Daktari. Asha hakucheka. Hakuwa akiangalia kioo, alikuwa akiuangalia mkono wa mama yake pale juu ya goti, na macho yake yalikuwa yamejaa.

"Mama," alisema baadaye, "kesho kikao saa ngapi?"

"Saa nne. Nitaondoka alfajiri, nisichelewe wakaligawa shamba."

Asha alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Basi na mimi uniamshe."